Maswali ya Wasomaji: Tarumbeta na Klarineti Katika Jukwaa Moja

Barua za safari hii zimetoka pembe mbalimbali za Mombasa, lakini zote zinauliza jambo linalokaribiana: ala ya shaba na ala ya mbao zikiwekwa mbele kama wapigaji wakuu wawili, zitasikilizana vipi? Nimezifupisha baadhi yake ili nafasi zaidi ibaki kwa majibu.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi napiga tarumbeta katika bendi ya kanisa letu, na dada yangu mdogo anapiga klarineti, ambayo alianza kujifunza shuleni. Tumeombwa tupige vipande viwili vitatu katika hafla ya Desemba. Kila tunapofanya mazoezi, mama yetu husema kwamba anayesikika ni mimi peke yangu, na nikipunguza pumzi sauti yangu inatetemeka. Je, upo muziki wa klasiki unaofaa ala hizi mbili, au tunalazimisha ndoa isiyokuwepo? – Msomaji, Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ndoa ipo, ingawa watoto wake si wengi, na uhaba huo una sababu ambayo mama yenu amekwisha kuitambua kwa masikio yake mwenyewe. Tarumbeta hupata sauti kutokana na midomo inayotikisika ndani ya kikombe kidogo cha chuma, kisha sauti yote hutokea katika mdomo mmoja mpana unaoielekeza mbele moja kwa moja. Klarineti hutikisa ulimi mmoja wa utete, na sehemu kubwa ya sauti yake hutokea katika matundu yaliyo wazi ubavuni mwa bomba, kwa hiyo husambaa pande zote. Mkisimama wawili mkiwatazama wasikilizaji, sauti yako inawafikia usoni ilhali ya dada yako inatawanyika ukumbini. Dawa ya kwanza, kwa hiyo, haihusu pumzi wala noti. Geuza tarumbeta, mdomo wake uelekee ubavuni mwa jukwaa au kwenye pazia zito, na dada yako asogee hatua mbili mbele yako. Jaribuni hivyo kabla ya kubadili jambo lingine lolote, kisha mwiteni mama atoe hukumu upya.

Kuhusu kutetemeka, nadhani unapopunguza pumzi unapunguza wingi wa hewa pamoja na kasi yake, na midomo ya mpiga tarumbeta haiwezi kutikisika sawasawa hewa ikizembea. Piga noti ndefu kwa sauti ndogo kila siku, hewa ikiwa nyembamba lakini yenye kasi ileile. Kile kizibo kinachotiwa katika mdomo wa tarumbeta kinasaidia pia, hasa chenye umbo la kikombe, ila usikifanye kimbilio lako katika kila kipande, maana hubadilisha rangi ya sauti na si ukubwa wake peke yake.

Sasa nije kwenye muziki wenyewe. Watunzi waliofaulu katika jambo hili hawakumtaka mpiga tarumbeta ajifanye mdogo, walimpa zamu. Johann Sebastian Bach, katika konsato (tungo ya wapigaji wakuu wakiwa na orkestra) ya pili kati ya zile sita alizomtunukia mtukufu Christian Ludwig wa Brandenburg mwezi Machi 1721, aliwaweka mbele wapigaji wanne: wa tarumbeta, wa filimbi ya mbao inayopulizwa kwenye ncha, wa oboe, ala ya mbao yenye ulimi wa utete maradufu, na wa fidla. Hiyo filimbi ni mojawapo ya ala zenye sauti ndogo kabisa, na mtu akiitazama orodha hiyo kwenye karatasi anaweza kudhani Bach alikosea. Lakini tazama alivyopanga. Katika sehemu ya kati, iliyo ya polepole, tarumbeta hainyanyuliwi hata mara moja, na zile nyingine tatu zinazungumza kwa utulivu zikisindikizwa na ala za besi. Sehemu ya tatu inapoanza ni tarumbeta inayoingia ya kwanza, ikiwa imepumzika na masikio ya watu yakiwa yameitamani. Isitoshe, tarumbeta ya zama hizo haikuwa na vali, vile vifunguo vinavyobonyezwa kwa vidole, na bomba lake lilikuwa refu kuliko la leo, kwa hiyo mpigaji hakuweza kupata noti zinazofuatana kama ngazi ila katika eneo la juu sana, ambako fundi hodari aliweza kupiga kwa wepesi bila kufoka. Anayepiga konsato hii leo kwa tarumbeta ya kisasa ana kazi kubwa zaidi ya kujizuia kuliko aliyokuwa nayo mpigaji wa Bach.

Huenda ukauliza kwa nini basi hamwoni konsato za tarumbeta na klarineti kutoka zama hizo. Klarineti ilizaliwa huko Nürnberg karibu na mwaka 1700, na ilipokuja kupata heshima katika orkestra, miongo mingi baadaye, ule ufundi wa kupiga tarumbeta katika noti za juu ulikuwa umefifia. Katika orkestra za wakati wa Mozart tarumbeta mara nyingi ilifuatana na ngoma, ikiachiwa noti chache za kutilia mkazo. Vali ndizo zilizoirudishia uhuru, nazo zilipewa hataza mjini Berlin mwaka 1818 kwa majina ya Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel. Kabla ya hapo tarumbeta na klarineti zilipishana mlangoni, na nafasi ya shaba miongoni mwa ala za mbao ilichukuliwa na pembe ya orkestra, ile iliyozungushwa mviringo, ambayo mdomo wake hutazama nyuma na mpigaji huingiza mkono ndani yake kuilainisha sauti. Mozart aliitia pamoja na oboe, klarineti na basuni katika kwintete yake, yaani tungo ya wapigaji watano, ya mwaka 1784 yenye piano, akamwandikia baba yake kwamba hajawahi kutunga kitu bora kuliko hicho. Tangu hapo pembe imekuwa mwenyeji wa kundi la mbao, ilhali tarumbeta ilibaki mgeni. Oboe ilikuwa na bahati kidogo, kwani Johann Wilhelm Hertel, mwanamuziki wa ikulu ya Schwerin katika karne ya 18, aliiandikia konsato pamoja na tarumbeta, na mpaka leo bado inarekodiwa.

Kwa hafla yenu, tafuteni dueti 12 ambazo Mozart aliziandika mwaka 1786 kwa pembe mbili. Ni fupi, hazihitaji piano, na zimekwisha kupigwa kwa kila jozi ya ala unayoweza kuifikiria. Tarumbeta yako na klarineti ya dada yako karibu bila shaka zote mbili ni za B-flati, maana yake mnaweza kusoma kitabu kimoja bila kuhamisha noti hata moja, faida ambayo mpiga filimbi au oboe hangekuwa nayo akisimama nawe. Mpe dada yako mstari wa juu. Klarineti ikipanda katika eneo lake la juu husikika kwa urahisi, na tarumbeta ikishuka chini hupoteza makali, kwa hiyo usawa mnaoutafuta mtaupata kwa mpangilio wa noti wenyewe. Mkigeuza, wewe juu na yeye chini, mtarudi kule kule alikolalamika mama.

Zipo pia sonata sita za Georg Philipp Telemann zilizochapishwa Paris mwaka 1738, ambamo wapigaji wawili husoma mstari mmoja, wa pili akianza nyuma kidogo ya wa kwanza. Muziki ni mtamu na karatasi ni chache. Hata hivyo ziliandikwa kwa filimbi au fidla, hivyo mtalazimika kuziteremsha, na hazimpi mpiga tarumbeta mahali pa kupumzisha midomo. Chukueni sehemu moja ya polepole, mwishie hapo. Nakala za Telemann na za Mozart zinapatikana bure katika maktaba ya intaneti iitwayo IMSLP.

SWALI: Mwalimu, usiku mmoja nilikuwa nikisikiliza muziki kwenye simu, ikapita tungo tulivu ambayo sijaisahau. Tarumbeta ilikuwa ikirudiarudia noti moja kwa kusitasita, ikajibiwa na ala yenye sauti nzito ya puani ambayo si klarineti wala saksafoni, na chini yao palikuwa na fidla nyingi. Sikuwahi kuliona jina lake. Ni tungo gani hiyo, na je, ziko nyingine za jamii yake? – Msomaji, Kizingo

JIBU: Dada yangu, kwa maelezo yako sina shaka kwamba ulisikia Quiet City ya Mmarekani Aaron Copland, na ala iliyokutatiza ni korangle, yaani oboe kubwa yenye mwisho uliovimba kama tunda na sauti iliyo chini ya oboe ya kawaida kwa noti tano. Tungo hiyo ina historia inayoeleza kwa nini inasikika hivyo. Mwaka 1939 Copland aliandika muziki wa kusindikiza tamthilia ya Irwin Shaw yenye jina hilohilo, ambamo kijana mpiga tarumbeta anatembea na mawazo yake katika mji wa usiku. Tamthilia haikudumu jukwaani, na ule muziki wa awali ulikuwa wa wapigaji wachache tu: tarumbeta, klarineti, saksafoni na piano. Copland aliokoa alichokipenda, akakitunga upya kwa tarumbeta, korangle na orkestra ya nyuzi, na toleo hilo likapigwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Januari 1941. Huchukua kama dakika kumi.

Kinachonivutia zaidi ni sababu ambayo mtunzi mwenyewe aliitoa ya kuiingiza korangle. Alitaka rangi tofauti na tarumbeta, na pia alitaka kumpa mpiga tarumbeta nafasi ya kuvuta pumzi. Mtu anaweza kuona kwamba hiyo ni sababu ya kiufundi tu, tena ndogo, lakini mimi naiona kuwa ndiyo siri ya tungo nzima. Kwa kuwa midomo ya binadamu inachoka, na kwa kuwa Copland hakuificha hali hiyo, mazungumzo ya ala hizo mbili yana ukimya wa kweli ndani yake; mmoja anaponyamaza unahisi amenyamaza kwa haja. Tungo zinazotaka wapigaji wawili wasikike kila dakika kwa usawa kamili hunichosha haraka, hata zikipigwa na mabingwa.

Kama ulipenda ule umbali kati ya tarumbeta na wenzake, sikiliza The Unanswered Question ya Charles Ives, ya mwaka 1908, ambayo baadaye aliirekebisha. Humo ala za nyuzi hupiga polepole mno bila kujali kinachotokea, tarumbeta inauliza swali lilelile mara saba, na kundi la wapigaji wanne wa ala za mbao linajaribu kulijibu, kila mara kwa hasira na vurugu zaidi, mpaka linakata tamaa na swali la mwisho linaachwa bila jibu. Ives alitaka nyuzi zikae mbali, ikiwezekana nje ya jukwaa. Kwake shaba na mbao hazikupatanishwa hata kidogo, na kutopatana kwao ndiko kunakoibeba kazi nzima.

Ya tatu nitakayokutajia ina ladha tofauti kabisa. Paul Hindemith, Mjerumani aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwaka 1949 aliandika konsato ya tarumbeta, basuni na nyuzi. Basuni ni besi ya jamii ya oboe, bomba lake refu limekunjwa, na katika orkestra watu wengi huisikia bila kujua wanachosikia. Kuiweka mkabala na tarumbeta ni uamuzi ambao mwanafunzi angekatazwa na mwalimu wake. Hindemith, aliyekuwa na tabia ya kuziandikia ala ambazo wengine walizisahau, aliziacha ziwe na tabia zake, moja ikiwa na makali na nyingine ikiwa na mzaha mzito, na kwa kuwa zimeachana sana kwa kimo cha sauti hazigombanii mahali pamoja. Mwaka huohuo Mswisi Frank Martin alikamilisha konsato ya wapulizaji saba, wa mbao wanne na wa shaba watatu, pamoja na ngoma na nyuzi, na kila mmoja wa hao saba hupata nafasi yake ya kung'ara. Ukiweza kusikiliza moja tu wiki hii, anza na Hindemith. Martin anahitaji jioni isiyo na shughuli.

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunapiga klarineti na tarumbeta nyumbani. Asubuhi tunapatana vizuri, lakini mchana wote tunapanda juu ya piano, na klarineti na tarumbeta hazipandi sawa. Pia nimeambiwa klarineti ya mpingo itapasuka kwa hali ya hewa ya pwani. Ni kweli? – Msomaji, Nyali

JIBU: Kupanda ni kweli na si kosa lenu. Sauti husafiri kwa kasi ya karibu mita 343 kwa sekunde katika nyuzi joto 20, na karibu mita 349 katika nyuzi 30, na kwa kuwa urefu wa bomba ni uleule, noti hupanda. Kwa hesabu ya kitabuni tofauti hiyo inafika karibu theluthi ya nusu toni, ingawa katika upigaji ni ndogo zaidi, kwa sababu pumzi yenu imekwisha kuipasha joto hewa iliyomo ndani. Ala mbili hazipandi sawa kwa kuwa mabomba yake hayafanani kwa urefu wala umbo, na pumzi haiyapashi joto kwa kiwango kimoja. Pigeni dakika kumi kwanza, ndipo mrekebishe: wewe wa klarineti vuta kidogo kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo wa ala, na mwenzako avute bomba lake la kurekebishia. Atakayebaki na tatizo ni klarineti, kwa sababu ukivuta sana, noti za katikati hushuka kuliko zile za chini, kwa hiyo mwacheni mpiga tarumbeta amfuate mwenzake.

Ama mpingo, ule mti mweusi ambao wachongaji wa Changamwe wanaujua vyema na ambao viwanda vya Ulaya huutumia kutengenezea klarineti na oboe, hauogopi joto letu. Unachokiogopa ni mabadiliko ya ghafla. Klarineti inayotolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupigwa mara moja kwa nguvu, ndani ikipata joto na unyevu huku nje ikiwa bado baridi, ndiyo inayopasuka. Iache itulie katika chumba kisicho na kiyoyozi, ikaushe ndani kila baada ya kupiga, na usiiache garini juani hata kwa nusu saa.

SWALI: Mwalimu wetu, kila ukiandika unataja ala za Wazungu. Sisi vijana wa Mji wa Kale tuna mzee anayepiga zumari na mwenzetu anapiga tarumbeta. Je, tunaweza kuziweka pamoja tukapiga tungo yenye utaratibu wa konsato, au tutachekwa? – Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Anayecheka hajui pwani hii. Zumari ni ala ya ulimi wa utete maradufu, jamii moja na oboe na korangle nilizozitaja hapo juu, na siwa, hata ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya ndovu ya Pate, hupulizwa kwa midomo inayotikisika kama tarumbeta, ila kwa tundu la ubavuni. Pande zote mbili za swali hili ziko kwetu tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huu ulishuhudia ngoma za beni, ambapo makundi kama Kingi na Skochi yalishindana kwa magwaride na ala za bendi, na upande wa kusini Wadigo hadi leo wanaongoza ngoma ya sengenya kwa zumari. Kukutanisha sauti hizo mbili katika tungo moja yenye mpango ni hatua fupi.

Tena nyinyi mna faida ambayo ndugu zetu wa Tudor hawana. Zumari haifunikwi na tarumbeta. Ilitengenezwa ipenye ngoma na vigelegele vya uwanja mzima, na ikipigwa ndani ya chumba ni tarumbeta itakayoomba nafasi. Tatizo lenu liko kwingine. Mpiga zumari huutia ulimi wa ala kinywani wote, na aliye hodari huvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kusukuma, kwa hiyo mstari wake haukatiki na sauti yake haipungui wala kuongezeka sana. Tarumbeta inaweza kunong'ona na inaweza kunguruma, lakini lazima ivute pumzi. Basi mpeni mzee mstari mrefu usiokatika, na mwenzenu aingie kwa vipande vifupi, mara kwa sauti ndogo, mara kwa sauti kubwa, asiufuate mstari wa mzee noti kwa noti. Hapo kila mmoja atafanya kile ambacho mwenzake hawezi.

Jambo la pili ni upatanifu. Matundu ya zumari hayakutobolewa kwa kufuata ngazi ya piano, na baadhi ya noti zake zitaangukia katikati ya noti mbili za tarumbeta. Msimwombe mzee abadilishe zumari yake, wala msilete piano katika mkutano huo. Mwenye tarumbeta ndiye mwenye bomba la kuvuta na midomo ya kupindisha sauti, kwa hiyo yeye ndiye atakayehama. Akae na mzee jioni moja, wapige noti moja moja kwa muda mrefu, aandike zile ambazo zinakutana bila mvutano. Nadhani atapata tatu au nne. Tungo yenu ya kwanza itumie hizo peke yake upande wa tarumbeta, na zumari iachwe huru. Mtu wa ngoma akae katikati yao, mazoezi ya mwanzo yafanyike uwanjani na si chumbani, na mkishapata dakika tano zinazosimama, niandikieni mnieleze ni noti zipi zilizokubali.